Maji Kabla ya Mzani

Pamba ina siri moja ambayo kila mkulima wa upande wa Bariadi aliijua, na mwaka ule hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuificha. Zamani, enzi za ushirika, karani alikuwa anaingiza mkono kwenye gunia mpaka kwapani, anachomoa konzi ya pamba, anaifikicha, anainusa, kisha anatamka: safi, au fifi. Ukiambiwa fifi ulishika njia na gunia lako huku watoto wanakucheka. Basi ushirika ukalala chali, soko likawa huria, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, kila mmoja anamuwahi mwenzake, na nani tena ana muda wa kuingiza mkono kwenye gunia? Safi na fifi zikatiwa kapu moja. Aliyebaki kusema ni mzani peke yake, na mzani, jamani, ni mpumbavu. Ukiupa maji, unasoma maji.

Maganga alikuwa wakala wa mmoja wa wanunuzi hao. Mzani wa kuning'iniza, wenye uso wa duara na mshale, ulifungwa kwenye mti uani kwake, na gari lilikuja kuchukua mzigo mara mbili kwa wiki. Jioni au alfajiri kabla ya gari kuja, magunia yalifunguliwa, na mkewe, Esteria, akapita na ndoo na ufagio akinyunyiza. Kazi ile ina ufundi wake. Ukizidisha, pamba inaota ukungu na kutoa harufu, ukipunguza umejichosha bure. Esteria alikuwa na mkono. Maganga alimsifu mbele ya wageni kwamba mke wake akinyunyiza maji hakosei hata kidogo, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kuipata katika boma lile, kwa hiyo msiniulize kwa nini aliishika sana.

Mengine yote yalikuwa lawama. Mtoto wake wa kwanza alikonda akafa kabla hajasimama dede, na mama mkwe wake, Ng'washi, akatangaza kwa sauti ya kufika mpaka mtoni kwamba mtoto amebemendwa. Neno hilo msilichukulie kwa wepesi. Mtoto akibemendwa maana yake mama yake ameshindwa kujizuia, amelala na mwanamume hali ananyonyesha, na uchafu wa tamaa yake umemwingia mtoto na kumnyausha. Mwanamume hatajwi, anatajwa mama. Na huwezi kubisha, kwa sababu utabisha na nini? Ukilia wanasema majuto, ukinyamaza wanasema umekiri. Esteria alinyamaza, akalibeba jina lile miaka miwili, akienda nalo shambani na kurudi nalo.

Alipojifungua wa pili, Masele, Ng'washi alimshika mtoto, akamtazama kwanza yeye, halafu mama yake. "Huyu naye akikonda," alisema, "utarudi kwa baba yako na jina lako. Mimi sitazika mara ya pili kwa ajili ya mapaja yako."

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, na Maganga alikuwepo akichonga mpini wa jembe, wala hakuinua uso.

Masele alianza vizuri. Miezi sita ya kwanza alikuwa na mikono ya kubanwabanwa. Kisha mvua zikakatika mapema, ng'ombe wakapelekwa mbali kutafuta malisho na maziwa yakaenda nao, maziwa ya Esteria mwenyewe yakapungua kwa kazi na njaa, mtoto akashikwa na homa, ikapoa, ikarudi. Alipotimiza miezi kumi mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Esteria akaanza kumfunika nguo hata jua likiwa utosini.

Lakini kadi ya kliniki huwezi kuifunika. Ng'washi hakujua kusoma, ila zile rangi tatu za kwenye kadi alizielewa kuliko waliozichapa. Kijani ni majani, ng'ombe wameshiba. Kijivu ni majivu. Nyekundu haina haja ya maelezo. Kila Esteria aliporudi kutoka zahanati, kikongwe alinyoosha mkono, akapewa kadi, akafuatisha vile vitone kwa ukucha. Mwezi ule kitone kilikuwa kimekaa chini kabisa ya kijivu, kimeukaribia wekundu. Ng'washi alikitazama muda mrefu, akairudisha kadi, akasema tutaona mwezi ujao. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Muuguzi Domitila alikuwa amesema yake pia. Alikuwa peke yake zahanati nzima, maana wenzake wawili walikuwa wamepunguzwa kazi serikali ilipopunguza watu, na watoto wa kupima walikuwa wanafika mia. Hata hivyo alimkalisha Esteria chini akamweleza vizuri. Mtoto apewe uji wenye karanga, apewe yai likipatikana, anyonye mara nyingi. Na asijazwe maji, aliongeza, kwa sababu kina mama wengi mkiona mtoto analia mnampa maji anyamaze. Maji yanashibisha tumbo, hayajengi mwili. Mtoto mwenye tumbo la maji hanyonyi, na asiponyonya anazidi kupungua. Kisha akasema arudi baada ya wiki mbili, na kama mtoto hajapanda atamwandikia barua ya kwenda hospitali mjini.

Esteria aliyasikia yote hayo, sikio lake halikuwa na tatizo. Kilichobaki kichwani mwake ni ile barua. Barua ni kitu cha kushikwa mkononi, Ng'washi angeuliza ni ya nini, na siku hiyohiyo boma zima lingejua mtoto wa pili naye amebemendwa.

Karanga alipata kidogo kwa kuomba. Yai alipata mara moja. Wiki mbili zikaisha mtoto yuko vilevile.

Asubuhi ya kliniki alikuwa uani akimalizia magunia, ndoo mkononi, Masele ananung'unika mgongoni. Naapa hakukaa akapanga. Alimaliza gunia la mwisho, akamtazama yule mtoto, akautazama mzani, na mkono ukaenda wenyewe kama ulivyozoea kwenda. Akachota kikombe cha maji, akamnywesha. Akachota cha pili. Masele alikunywa kwa sababu kulikuwa na joto. Walipofika zahanati, Esteria akaomba wapimwe mapema maana ametoka mbali, wakapimwa, na mshale ukasogea. Kitone kikapanda. Domitila akafurahi, barua haikuandikwa. Jioni Ng'washi akafuatisha kitone kwa ukucha, akaguna, na ule mguno ulikuwa mzuri. Esteria akaingia ndani akalia kwa raha.

Angeishia hapo, huenda leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini bibi aliyekwisha kuonja mjukuu anayepanda haridhiki na mwezi mara moja. Siku mbili baadaye gari la pamba lilikuwa linangojewa, mzani unaning'inia mtupu, Ng'washi akasema mleteni Masele tumpime, kilo si ni kilo? Maganga akacheka, akamfunga mtoto kwenye kanga, akamtundika kwenye ndoano ya pamba. Esteria akasimama hapo akiutazama mshale, kwa sababu siku hiyo mtoto alikuwa hajanyweshwa. Mshale ulisoma pungufu. Ng'washi akauliza mbona kashuka, na lile jicho la zamani likamrudia Esteria likamkaa usoni.

Tangu siku hiyo kila gari lilipokuja Masele alipimwa pamoja na magunia, na kila alipopimwa alikuwa ameshanyweshwa. Mara mbili kwa wiki. Kisha mara tatu, maana msimu ulikolea. Akaanza kukataa, anabana midomo, maji yanamwagikia kifuani. Hapo Esteria akakumbuka jambo jingine ambalo kila mfugaji analijua na kila mnunuzi analilaani: ng'ombe wa mnada hulambishwa chumvi jioni, na asubuhi anakunywa mpaka ubavu unatanuka. Akatia chumvi kwenye uji wa jioni. Asubuhi Masele alikishika kikombe kwa mikono miwili.

Sasa mniambie, alikuwa hampendi? Alimpenda mpaka akawa hawezi kula. Kila akimnywesha alimwambia hii ya mwisho, ng'wana wane, hii ya mwisho mwanangu. Aliona kwamba hanyonyi. Aliona uji unabaki bakulini unakauka. Maneno ya Domitila yalimjia moja moja, tumbo la maji halinyonyi, naye akayajibu kwamba msimu unaisha, wiki mbili tu, gari likiacha kuja mzani utaondolewa mtini na yeye atamlisha mtoto wake kwa amani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliyavulia nguo, basi akaingia, na kila hatua yalizidi kina.

Halafu Masele akaanza kuvimba. Mashavu yakajaa, miguu ikawa ya duara, macho yakawa madogo. Na kijiji kikasema nini? Kikasema amenona! Ng'washi alimbeba mwenyewe kwa mara ya kwanza, akampitisha nyumba hadi nyumba akisema huyu ndiye mjukuu wangu, mwoneni. Alimwita Esteria mayu, yaani mama, kwa heshima, mbele ya wanawake wengine. Esteria alivimbishwa kichwa na neno lile siku nzima, na siku nzima aliogopa kumgusa mtoto wake miguuni.

Aliyemgusa ni Nyanjige. Alikuwa mjane, jirani, anaishi peke yake kwenye kibanda cha chumba kimoja, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sabini. Mto ulikuwa umekauka na wanawake walichimba visima mchangani, wakisubiri maji yajikusanye, na asubuhi moja Esteria alipoinama kuchota, Nyanjige alimpokea Masele ampakate. Akambonyeza kwa dole gumba juu ya unyayo. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Akalitazama. Akambonyeza mguu wa pili, shimo likabaki vilevile.

"Esteria," alisema, na wanawake wote walisikia, "huyu mtoto hajanenepa. Huyu anakwisha. Mpeleke hospitali leo hii, la sivyo mvua haitamkuta."

Esteria alimnyakua mtoto, uso umemuwaka moto, kwa sababu hakuna hasira inayochoma kama ya mtu aliyeambiwa ukweli wake hadharani. Na hapa alitenda jambo ambalo hata mimi ninayemtetea linanishinda. Alifika nyumbani akamweleza Ng'washi. Alijua habari itafika tu, akataka ifike kwa mdomo wake, ikiwa imevaa nguo alizoivika yeye. Akasema bibi Nyanjige amemshika mtoto miguuni, akamtabiria kifo mbele za watu. Alimchukua Masele akamfuta miguu kwa upindo wa kanga yake.

Siku ya kliniki Ng'washi alisema atakwenda pia. Njia nzima Esteria alikuwa anapanga maneno. Alikuwa ameamua. Angemvuta Domitila pembeni, angemwambia sista, nisaidie, nimemnywesha maji, nimemtilia chumvi, sijui nimefanya nini. Lakini asubuhi ile, kwa hofu au kwa mazoea, alikuwa amemnywesha tena.

Foleni ilizunguka zahanati yote. Masele alipimwa akiwa na sweta, na kitone kikakaa mwanzo kabisa wa kijani. Domitila alikuwa hajakaa tangu alfajiri. Aliitazama kadi, akatabasamu, akawaonyesha wengine. Esteria akasema sista. Domitila akamgeukia, kalamu mkononi. Ng'washi alikuwa amesimama kando, bega kwa bega, anapumua.

"Sema, mayu. Umempa nini mtoto mpaka kapanda hivi?" aliuliza Domitila.

Kina mama wakainua shingo wapate kujifunza. Esteria akasema uji wa karanga.

"Endelea hivyohivyo," alisema Domitila, na akamwita mwingine.

Masele alikufa siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, akiwa mgongoni mwa mama yake. Esteria alikuwa ameinama kati ya magunia na ndoo yake. Gunia la kwanza alinyunyiza, la pili, la tatu, na alipojinyoosha ili apumzishe kiuno akahisi mtoto hajishikizi. Alimfungua kwenye kanga. Hakupiga yowe, alikaa juu ya pamba mbichi na mtoto mapajani, akavuta titi akamtia mdomoni, akasubiri. Ng'washi ndiye aliyewakuta, na yowe lake ndilo lililoleta watu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Ningependa kuwaonyesha wahenga hao kilio cha Masele. Kwanza walizika. Siku ya tatu, wazee wa ukoo wamekaa kwenye vigoda, wanawake wamejaa ukumbini, Ng'washi alitoka na kadi. Aliishika juu, kila mtu aone. Kitone kinapanda, kinapanda, kinaingia kwenye majani. Akauliza mtoto aliyebemendwa anapanda hivi? Wakasema hapana. Akauliza mtoto mgonjwa anapanda hivi? Wakasema hapana. Basi, alisema, mtoto wetu hakuugua. Mtoto wetu amekatwa kwa uchawi. Na kuna mtu alijua siku yake kabla ya siku yenyewe, akamshika miguuni mtoni, akaitaja. Hakutaja jina, wala hakukuwa na haja.

Esteria alisikia kutoka ndani. Nafsi yake, ambayo miezi mitatu ilikuwa inakimbia jina, ikachoka kukimbia. Akatoka nje, kichwa wazi, akasimama katikati ya wanaume mahali ambapo mwanamke aliyefiwa hasimami.

"Ni mimi," alisema. "Hakuna mchawi. Nilikuwa namnywesha maji kabla ya mzani. Mara kwa mara. Nikamtilia na chumvi ili anywe. Hakupanda hata kidogo, yale ni maji."

Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa huruma. Maganga akainuka, akamshika mkewe mabega, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi kweli, wala sitamsingizia. Akamuuliza maji yameanza lini kuua mtu. Sisi sote hatunywi maji? Esteria akamwambia kamuulize Domitila. Maganga akaichukua kadi kwa mama yake, akamwonyesha mwandiko.

"Si ndiye aliyeandika hii?"

Ng'washi akasema mwacheni, kilio kimempanda kichwani, ameanza kujitwika na yasiyo yake. Wanawake wawili wakamwongoza ndani, taratibu, wakimfuta uso.

Alipopata mwanya alitokea nyuma ya zizi akakimbia mpaka kwa Nyanjige. Jua lilikuwa bado kali. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua choroko kwenye ungo, na inaelekea habari zilikuwa zimekwisha kumfikia, maana hakushtuka. Esteria alipiga magoti, akasema yote kwa pumzi moja: maji, chumvi, maneno aliyompelekea Ng'washi, na kwamba amekwisha kusema mbele ya wazee wakakataa. Akamsihi akimbie, akimbilie kwa bintiye kule Mwamanyili, upande wa ziwani.

Nyanjige alitua ungo chini.

"Siku ile mtoni, ungewaambia?"

Esteria akaokota choroko iliyodondoka, akairudisha kwenye ungo.

"Wangekuamini siku ile, mtoto alikuwa hai. Wangekufukuza." Bibi alimtazama miguu, kisha akaitazama yake. "Wewe una miguu. Ungefika kwenu."

Aliinuka kwa kushikilia mlango, akaingia ndani, akarudi na fimbo na kanga moja, akaacha choroko zake pale kwenye ungo, akashika njia ya kuelekea ziwani kwa mwendo wake wa hatua fupi. Esteria alitaka kumfuata. Nyanjige akamwashiria kwa fimbo arudi, wasije wakawakuta pamoja. Vijana sita wa ukoo walipita pale saa kumi, na Maganga alikuwa mbele yao. Njia ya ziwani ni nyeupe na haina kichaka. Mtu anaonekana kutoka mbali.

Maganga alirudi kesho yake. Alinawa mikono, akala, akauliza gari la pamba linakuja saa ngapi. Hakuna aliyemuuliza chochote na yeye hakusema. Kule Mwamanyili, tulisikia baadaye, binti wa Nyanjige alimngoja mama yake mpaka akaacha kungoja.

Asubuhi hiyo Esteria aliamka akaenda kuchukua ndoo, kwa kuwa magunia yalikuwa yanangoja na hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Ng'washi alimkuta hapo. Akamwondolea ndoo mkononi, akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, kigoda ambacho hakuna mkwe aliyewahi kukikalia, akamfunika mabega kwa kanga.

"Pumzika, mayu," alisema. "Jina lile nililokuita, nimelifuta. Kila mtu ameona kadi. Wewe hukumkosea mtoto kitu."

Esteria akapumzika.